Naongoza 4-1 halafu nafungwa 6-4, hivi akili huwa inaenda wapi?

Mtupa_Taulo #1
Wakuu habari. Naleta hili mezani maana linanitesa. Nacheza tenisi ya kawaida tu, mechi za klabu na za wikendi, na kiwango si kibaya kivile. Shida yangu inakuja nikianza VIZURI. Nikianza vibaya napambana mpaka mwisho, lakini kwenye seti, ambayo ni mbio za kufika gemu sita, nikishafika 3-0 au 4-1 tu basi shughuli imeisha. Fohandi, lile pigo la upande wa mkono wangu wa raketi, ambayo muda si mrefu nilikuwa naipiga bila kufikiria naanza kuijadili, niipeleke mstarini au niivushe kona, na nikishaanza kujadili mpira tayari uko kwenye nyavu. Mechi ya juzi hivyohivyo, 4-1 seti ya kwanza, jamaa akachukua gemu tano mfululizo, yaani hata hakubadilisha sura.
Swali: mkishaongoza mapema mnafanyaje akili isitoke uwanjani? Na kwa nini inatoka? Dai langu mimi ni kwamba ubongo ni mvivu, ukiona kazi inakaribia kuisha unajipa likizo. Anayepinga aje.

Kamba_Mpya #2
Napinga. Ingekuwa likizo ungekuwa unapiga mpira umelegea na unatabasamu. Wewe mwenyewe umesema unaanza kuijadili fohandi, hiyo ni HOFU mkuu. Kwenye 0-0 huna cha kupoteza, kwenye 4-1 unacho. Unaanza kulinda, mkono unakaza, raketi haimalizi safari yake inakatikia kifuani, mpira unadondoka mfupi katikati ya kiwanja na mwenzio anasogea mbele anakumaliza. Angalia raketi yako inaishia wapi baada ya kupiga, itakuambia.

nyavu_tu #3
#2 kamaliza uzi, mod funga

Mzee_wa_Slaisi #4
Usifungwe kwanza. Vijana mnaongea kana kwamba jambo hili limeanza juzi. Wimbledon 1993, fainali ya wanawake, Jana Novotná anamuongoza Steffi Graf 5-1 seti ya tatu. Steffi Graf yule wa wakati ule. Kombe lilikuwa limeshaanza kung'arishwa. Akapoteza. Wakati wa kupokea zawadi akalia begani kwa Duchess wa Kent mbele ya dunia nzima. Sasa nani ataniambia yule naye alikuwa mvivu wa akili?

Lainmani #5
Shikamoo mzee. Haikuwa 5-1, ilikuwa 4-1. Alikuwa anasevu, yaani yeye ndo anaanzisha mpira gemu hiyo, akiwa 40-30, pointi moja tu imtoe 4-1 impeleke 5-1, akapiga dabo folti, sevisi zote mbili zikakosea. Gemu ikaenda, Graf akachukua tano mfululizo, mechi ikaisha 7-6, 1-6, 6-4.
Na wewe #1 soma vizuri hapo. 4-1, gemu tano mfululizo, 6-4. Namba zako zilezile, tofauti ni nyasi na watazamaji.

Mzee_wa_Slaisi #6
Marahaba. 4-1 au 5-1, machozi ni yaleyale.

Mtupa_Taulo #7
😂😂 nimefarijika kidogo

dada_bekihendi #8
Na huyohuyo Novotná, Roland Garros ya Paris 1995, alikuwa mbele 5-0 na 40-0 seti ya tatu dhidi ya Chanda Rubin. Rubin akaokoa mechi pointi (pointi za kumaliza mechi) tisa, seti ikaisha 8-6 kwa Rubin.
Lakini naomba tusimfanye mama wa watu kuwa mfano wa woga humu. Alifika fainali ya Wimbledon mara tatu, na 1998 akalichukua. Muoga hafiki fainali tatu. Kwa hiyo hata mtu jasiri inamtokea, na maelezo ya #2 peke yake hayatoshi.

Hesabu_Kwanza #9
Naomba niingie na kitu ambacho watu hawapendi. Kabla ya saikolojia tuhesabu breki, yaani gemu alizosevu mwenzio ukazishinda wewe.
4-1 si kitu kimoja, ziko mbili. Kama wewe ndo ulianza kusevu, umesevu gemu ya 1, 3 na 5, mwenzio 2 na 4. Umeshinda nne: tatu zako mwenyewe na moja ya kwake. Maana yake uko mbele BREKI MOJA. Kama yeye ndo alianza kusevu, yeye kasevu 1, 3, 5 na wewe 2 na 4, ukiwa 4-1 umeshika zako mbili na umemvunja mara mbili. Hiyo ni breki mbili. Ubao unaonyesha namba ileile lakini ni hali mbili tofauti kabisa.
Sasa tuichukue ile ya breki moja. Gemu ya 6 anasevu yeye, akishinda ni 4-2, hajafanya cha ajabu, kashika sevisi yake. Ya 7 unasevu wewe, ukipoteza hiyo MOJA ni 4-3. Ya 8 yake tena, 4-4. Umeshalia "nimeporomoka" na kumbe umepoteza gemu moja tu ya sevisi. Halafu kwa sababu unaamini umeporomoka unaingia gemu ya 9 umejikunyata, unapoteza na hiyo, anasevu ya 10 anafunga kazi. Gemu tano mfululizo, lakini zako ni mbili tu.
Hata 3-0 iko hivyohivyo. Ukianza kusevu wewe, 3-0 ni breki moja. Watu wanaisherehekea kama wamemaliza seti.
Kwa hiyo mkuu #1, nani alianza kusevu?

Mtupa_Taulo #10
...mimi

nyavu_tu #11
Hahahaha uzi mzima umefunguliwa kwa breki moja

Kamba_Mpya #12
Hesabu nzuri na nimejifunza, lakini bado hujaeleza kwa nini hizo gemu mbili zilienda. Umeeleza kwa nini asishangae. Kujua ni breki moja hakuulegezi mkono.

Hesabu_Kwanza #13
Kunaulegeza. Ukijua uko mbele breki moja hujioni tajiri, huna mali ya kulinda, unacheza. Hofu uliyoisema wewe inatokana na kujihesabia utajiri ambao haupo.

Upepo_Kulia #14
Mimi nadhani mnasahau hali ya hewa. Mara nyingi anayeanza vizuri amebebwa na upepo au jua, likigeuka na yeye anageuka.

Lainmani #15
Mkuu mnabadilishana upande baada ya gemu ya 1, 3, 5 na kuendelea. Upepo hauwezi kukupenda gemu tano mfululizo labda uwe unakufuata.

Upepo_Kulia #16
Upepo wenyewe unabadilika bwana, hujawahi kucheza jioni?

Kitini #17
Habari zenu. Nasoma tu humu huwa siandiki ila hii nina la kusema. Angalieni ni WAKATI gani mnakaa chini. Mnakaa kwenye gemu za witiri, tena siyo baada ya ile ya kwanza, pale mnabadilishana upande bila kukaa. Sasa 3-0 ni gemu tatu, 4-1 ni gemu tano, 5-2 ni gemu saba. Zote hizo unakaa kitini. Yaani uongozi mtamu wa namna hiyo unakuja na sekunde 90 za kukaa na kuutazama. Mimi hapo ndo naharibikiwa. Nakunywa maji, naangalia ubao, nawaza nitakavyowaambia watu nyumbani, nawaza raundi ijayo nitakutana na nani, nikisimama miguu imepoa na kichwa kiko kwenye mechi ya kesho. Pointi mbili za kwanza baada ya kukaa huwa nazitoa sadaka. Mwenzangu yeye kwenye kiti chake anawaza kitu kimoja tu, nipate hii gemu.
Sikatai hofu wala breki ila nimejichunguza, kwangu mimi inaanzia kitini.

dada_bekihendi #18
Hii ya #17 ni nzito. Sikuwahi kuiunganisha.

Mzee_wa_Slaisi #19
Nzito lakini inakata pande mbili. Kiti hichohicho kinamrudisha mtu. US Open 2012 Andy Murray alimuongoza Djokovic seti mbili, Djokovic akasawazisha 2-2. Kabla ya seti ya tano Murray akaenda chooni akajisemesha mbele ya kioo, mwenyewe alilisimulia baadaye. Akarudi akachukua ya tano 6-2. Kwa hiyo kukaa na kutoka siyo tatizo, tatizo ni unachojiambia ukiwa huko.

Raketi_Tatu #20
Choo hichohicho kimewamaliza wengine mzee. Roland Garros 2021 Tsitsipas yuko mbele seti mbili, Djokovic akatoka uwanjani, akarudi mtu mwingine. 6-3, 6-2, 6-4. Na mashindano yaleyale Musetti naye alishinda seti mbili za taibreki (zile za kuamuliwa kwa pointi mkifungana 6-6) dhidi ya Djokovic, halafu 6-1, 6-0, akiwa nyuma 4-0 seti ya tano akajitoa. Mimi nikicheza na Djokovic nikaongoza seti mbili namfungia mlango wa choo.

nyavu_tu #21
Ukicheza na Djokovic ukaongoza POINTI mbili tupigie simu

Raketi_Tatu #22
😂 sawa

Lainmani #23
Sasa hivi wanaume huko ATP, kwenye mashindano ya kulipwa, choo kina dakika zake, tangu 2022 ni mara moja kwa mechi, mwisho wa seti tu, na dakika 3 tangu uingie mlangoni. Malalamiko yalikuwa mengi na baadhi yalimhusu huyohuyo Tsitsipas, safari hii yeye ndo anayekawia.

Mtupa_Taulo #24
Na sisi wa klabu tunafanyaje na wale wanaofunga kamba za viatu kila ukiwaongoza? Yupo mmoja ukifika 3-0 viatu vyake vyote vinafunguka. Vyote viwili!

Kamba_Mpya #25
Kanuni ya sekunde 25 kati ya pointi ipo hata bila saa, shida ni nani wa kuisimamia. Mwache afunge, wewe geuka uangalie nyuma ya kiwanja, rekebisha nyuzi za raketi. Ukimkodolea macho ameshakuingia, unacheza na viatu vyake.

Baseline_Boy #26
Nimesoma kuanzia juu mpaka hapa na nashangaa. Mnajiongelea wenyewe tu, akili yangu, mkono wangu, kiti changu. Mpinzani ni ukuta? Yeye naye ana kichwa. Akiwa nyuma 4-1 anafanya mambo mawili, anabadilisha kitu, na anaacha kuogopa kwa sababu ameshajihesabu amepoteza. Anaanza kupiga huru. Mipira iliyokuwa inatoka inaingia.
Australian Open 2022, Medvedev anamuongoza Nadal seti mbili, ya tatu yuko mbele 3-2 na Nadal anasevu akiwa 0-40. Nadal akajinasua pale, akashinda mechi seti ya tano 7-5. Mtasema Medvedev alienda likizo? Jamaa alipambana saa tano na ushee! Aliyebadilika ni Nadal, dropshoti za kudondoka karibu na nyavu, slaisi za kuukata mpira, akamvuta mbele nyuma mpaka mwisho.
Mara nyingi ukiongoza mapema hujawa bora ghafla, mwenzio hajapasha tu. Akishapasha mchezo unarudi kwenye uhalisia wake na wewe unauita "kupoteza umakini".

Hesabu_Kwanza #27
Hapa nakubaliana na #26 asilimia mia. Federer mwaka 2024 kwenye hotuba yake pale Dartmouth alisema kati ya mechi zake 1,526 za singo alishinda karibu asilimia 80, lakini pointi alishinda asilimia 54 tu. Federer!! Mtu aliyezidi kila mtu anapoteza karibu nusu ya pointi. Sasa wewe na mwenzio mnaolingana, gemu tano za mwanzo zikikuendea vizuri inaweza kuwa ni pointi nne tano tu za dyusi (40-40) zilizoangukia kwako. Zinazofuata zikiangukia kwake hakuna pepo lililoingia.

dada_bekihendi #28
Na huyohuyo Federer Wimbledon 2019 alishinda pointi 218, Djokovic 204, na kombe akabeba Djokovic. Federer alikuwa anasevu 8-7, 40-15 seti ya tano, mechi pointi mbili mkononi. Kwa hiyo kuna pointi na POINTI, na hapo hesabu yako inarudi kwenye mkono wa #2.

Hesabu_Kwanza #29
Umenikamata hapo 😅 lakini sijasalimu amri

Raketi_Tatu #30
Ya Gaudio mmeisahau? Roland Garros 2004, Coria kamuongoza Gaudio 6-0, 6-3, seti ya kwanza kama anacheza na mtoto. Akafungwa seti ya tano. Alikuwa na mechi pointi moja akaichezea.

Lainmani #31
Mbili. Mechi pointi mbili, akiwa 6-5 seti ya tano, ikaisha 8-6 kwa Gaudio. Na ile si mfano safi wa akili, miguu ilimbana misuli tangu seti ya nne, alikuwa anasevu kwa shida.

Raketi_Tatu #32
Lainmani unalala saa ngapi wewe

Pumzi_Mbili #33
Asante #31 umenifungulia mlango. Nimefundisha watu wazima wanaoanza na wanaorudi mchezoni, na wengi wanaoniambia "napoteza umakini nikiongoza" wanapoteza PUMZI. Mtu anaanza mechi kwa kasi ambayo hawezi kuishika. Gemu nne anakimbilia kila mpira, anapiga kila fohandi kwa nguvu zote, 4-1. Kuanzia hapo hatua zinapungua. Tazama miguu yake kabla hajapiga. Mwanzoni anakanyaga hatua tatu nne ndogondogo za kujipanga, kwenye 4-2 anakanyaga moja kubwa halafu ananyoosha mkono. Mpira unakuwa mbali na mwili, unapigwa kwa kuchelewa, unatoka. Yeye anasema kichwa. Miguu ndo iliyotangulia kuondoka, kichwa kilifuata.
Jaribuni kitu kidogo: ukiongoza, sahau kupiga vizuri, jisimamie hatua tu. Mwenzio akigusa mpira, ruka kidogo kwenye vidole. Hilo tu. Na kati ya pointi fanya mambo yaleyale kila mara. Geuka mgongo kwenye nyavu, toa pumzi ndefu, amua sevisi inaenda wapi, dundisha mpira idadi ileile, sevu. Mwanasaikolojia Jim Loehr alishaandika sana juu ya hizo sekunde 16 au 20 za katikati, kwamba wachezaji wakubwa wanatofautiana zaidi hapo kuliko kwenye kupiga mpira wenyewe.

Kamba_Mpya #34
Kochi nakuheshimu lakini hatua zinapungua pia mtu akiogopa. Anaganda.

Pumzi_Mbili #35
Sawa, ila aliyeganda ukimwambia "usiogope" haimsaidii, ukimwambia "ruka kwenye vidole" anaweza. Kwa hiyo hata kama wewe ndo uko sahihi kuhusu chanzo, dawa ni yangu.

nyavu_tu #36
Kochi 1 – 0 Kamba

Kamba_Mpya #37
Breki moja tu hiyo, tulieni

Kimya_Kimya #38
Dawa yangu mimi ni rahisi, usiangalie skoa. Jifanye kila gemu ni 0-0. Nimetumia na inafanya kazi.

Kitini #39
Hiyo ya "jifanye 0-0" watu wanaipenda kuisema. Kwenye klabu hatuna refa, anayesevu ndo anatakiwa kutaja skoa kwa sauti kabla ya kila pointi. Utasahauje kitu unachokitangaza mwenyewe? Na usipotaja, kwenye 30-30 mnaanza kubishana ilikuwa 40-15, na ukishabishana ndo umeisha kabisa.

Mzee_wa_Slaisi #40
Kuhusu kubishana, Martina Hingis 1999, Roland Garros, fainali na Graf. Yuko mbele seti moja na 2-0. Mpira mmoja ukaitwa aut, akakataa, akazunguka nyavu mpaka upande wa Graf kuonyesha alama kwenye udongo. Akakatwa pointi, watazamaji wakamgeuka. Baadaye hata alisevu kumaliza mechi kwenye 5-4 ikashindikana, Graf akashinda 4-6, 7-5, 6-2. Na McEnroe 1984 palepale Paris, mbele seti mbili kwa Lendl, akakerwa na sauti inayotoka kwenye hedifoni za mpiga kamera, akaenda kuzifokea. Akapoteza kwa seti tano. Hilo taji la singo hakuwahi kulipata.
Mtu anayeongoza ana nafasi ya kukasirika. Anayefuata nyuma hana muda huo.

Kimya_Kimya #41
Sijasema usitaje, nimesema usiangalie. Taja kwa mdomo, moyoni 0-0.

Kitini #42
Mdomo na moyo viko mtu mmoja ndugu yangu

Baseline_Boy #43
Tena kuna wakati LAZIMA ujue skoa. 40-0 unaweza kujaribu sevisi hatari, 30-40 huwezi. Ukicheza pointi zote sawasawa unacheza vibaya.

Volei_Laini #44
Mimi nitasema kitu mtanicheka. Nikimuongoza mtu 4-0 namuonea HURUMA. Hasa nikimjua. Naona anavyotembea kichwa chini kwenda kuokota mipira naanza kumpa rali, namrudishia katikati, nafikiri tumalizie vizuri hata apate mbili tatu asiaibike. Halafu anapata mbili, anapata tatu, anaanza kukunja ngumi, nikitaka kurudi kwenye mchezo wangu haupo tena. Na yeye wala hanionei huruma!

dada_bekihendi #45
Sicheki hata kidogo, tuko wengi.

Raketi_Tatu #46
Mimi nacheka

Mzee_wa_Slaisi #47
Binti, Wimbledon 2025 fainali, Iga Świątek na Amanda Anisimova, 6-0, 6-0. Graf alimfanyia Zvereva hivyohivyo Paris 1988. Hawakuwa na roho mbaya. Huruma mnapeana mkishakutana kwenye nyavu kupeana mkono.

Volei_Laini #48
Nimekusikia mzee. Ila hao wanalipwa, mimi baada ya mechi narudi na mtu huyohuyo kwenye gari moja.

Kamba_Mpya #49
Tuongelee Sinner basi maana mtu anaogopa kumtaja. Roland Garros 2025, mbele seti mbili kwa moja, 5-3 seti ya nne, Alcaraz anasevu 0-40. Ubingwa pointi tatu. Zote zikaenda, mechi ikaisha taibreki ya seti ya tano 10-2 kwa Alcaraz, saa tano na dakika 29. Nani anaeleza hiyo?

Baseline_Boy #50
Naeleza mimi. Alcaraz.

Pumzi_Mbili #51
Na kilichonivutia zaidi ni baada ya hapo. Wiki tano tu, fainali ya Wimbledon, wawili walewale, Sinner akapoteza seti ya kwanza akashinda tatu zilizofuata 6-4, 6-4, 6-4. Kama lile lilikuwa tatizo la akili basi liliponaje haraka hivyo?

Kamba_Mpya #52
Alitoka NYUMA safari hii kochi, hakuwa na uongozi wa mapema wa kulinda 😏

Hesabu_Kwanza #53
Alikuwa na wa seti mbili kwa moja, akasevu kumaliza kwenye 5-4, akamaliza. Huo nao ni uongozi.

Mtupa_Taulo #54
Asanteni wakuu, nimepata mengi kuliko nilivyotarajia. Likizo yangu naona haina mtetezi. Kuna mtu anafanya mazoezi ya hili? Maana mazoezini huwa napiga vizuri tu, mechi ndo shida.

Pumzi_Mbili #55
Chezeni seti zinazoanzia 4-1. Mara unaongoza wewe, mara mwenzio, na mkubaliane nani anasevu ili iwe ile ya breki moja ya #9. Anayepoteza uongozi anakusanya mipira yote na kufagia kiwanja. Baada ya muda 4-1 inaacha kuwa tukio.

Baseline_Boy #56
Na aliye nyuma abadilishe kitu kila mara, apige juu, aje nyavuni, apunguze kasi. Ili anayeongoza azoee kujibu badala ya kusubiri mwenzio akosee.

Kamba_Mpya #57
Haitakuwa sawa na mechi. Kufagia hakutetemeshi mkono wa mtu.

nyavu_tu #58
Hujaona ukubwa wa kiwanja chetu

Volei_Laini #59
Na dabo, wawili kwa wawili, je? Mimi na mwenzangu tukiongoza mmoja wetu anaanza kuongea sana na mwingine ananyamaza kabisa, tunapotezana kuanzia hapo.

Kitini #60
Kwenye dabo msiachane kati ya pointi, sogeleaneni kila mara hata kama hamna la kusema, mmoja aseme tu sevisi inaenda wapi na aliye nyavuni anakatiza au anabaki. Kitini pia hivyohivyo, ongeleeni gemu inayofuata, yeye anasevu kwa nani, nani anasimama wapi. Asiyeongea aulizwe swali la jibu fupi.

Volei_Laini #61
Anayeongea sana ndo mimi

Kitini #62
Basi wewe ndo uwe unauliza